Gari la Kesho Halina Injini

Alhamisi, 1 Agosti 1996

Siku mbaya kwa ustaarabu. Abdulkadiri karudi kutoka Dubai.

Alikwenda kununua vipuri vya duka lake. Karudi na vipuri, saa mpya, na gazeti la magari lenye karatasi zinazong'aa kama kipara chake. Umoja wa Wenye Magari ya Heshima ulikutana barazani kwake, Barabara ya Sita, kama kila Alhamisi. Wanachama wote walihudhuria. Wote maana yake watatu. Yeye mwenyekiti, na Zephyr yake ya mwaka sitini. Mwalimu mstaafu Bartolomayo, na Land Rover fupi. Mimi Sostenes, katibu, na Pijo 404 ya mwaka sitini na sita, ile yenye mgongo mrefu na mlango wa nyuma. Haijawahi kulala nje. Mimi nimewahi.

Abdulkadiri akafungua ukurasa wa katikati. Akatutangazia kuwa hili ndilo gari la kesho. La kifahari. La mwaka 2020.

Mungu wangu! Halina vishikio vya milango. Halina vioo vya pembeni. Boneti haifunguki. Pua kama kambale. Viti vinne vyeupe vinatazamana kama wazee waliokuja kuposa. Usukani hakuna, kuna kijiti mfano wa mwiko. Na jokofu!

Bartolomayo akavaa miwani, akauliza jeki inawekwa wapi. Akauliza likigoma kuwaka mtu analipiga wapi. Akarudisha gazeti, akasema yeye atabaki na lile linalopigika.

Lakini Abdulkadiri! Mtu aliyeipaka Zephyr nta kila Ijumaa kwa miaka ishirini! Macho yamemlegea kama kijana anayechumbia. Eti haya yetu ni masufuria. Nikamwambia afute kauli, maana naandika kumbukumbu za kikao. Akanijibu, "Mwandishi, nchi imefunguliwa. Na wewe fungua macho, ufunge mdomo."

Nifunge mdomo! Mimi niliyewaandikia wahariri barua thelathini na nne tangu shirika linipunguze kazini! Tatu zimechapishwa. Soko huria limetuletea nguo za marehemu wa Ulaya, maziwa ya unga yenye picha ya ng'ombe asiyejua Kigogo, na sasa hili jeneza lenye jokofu.

Nimeazima gazeti. Sijawahi kumshambulia mtu kabla ya kumsoma.

Ijumaa, 2 Agosti

Mke wangu Dorkasi kanikumbusha kuwa Jumamosi ijayo, tarehe kumi, binti yetu Erica anafunga ndoa. Chamwino, kwa akina bwana harusi. Ibada saa nne. Kana kwamba nimesahau.

Kanikumbusha pia ahadi. Tangu Erica ana miaka sita nimemwahidi kuwa siku ya ndoa atashuka mlangoni mwa kanisa kutoka kwenye Pijo. Si majivuno. Alizaliwa humo. Mwaka sabini na mbili tulikuwa tunatoka Mlali kuwahi hospitali. Dorkasi akasema simama. Nikasimama. Kabla sijamaliza kuvuta breki ya mkono, tulikuwa watu watatu.

Nikamwambia Pijo iko tayari, yeye ashughulike na mchele.

Kisha nikasoma gazeti, kamusi pembeni. Ukurasa wa arobaini na moja, herufi ndogo kama chawa. Nikasoma mara tatu. Nikapiga ukelele. Dorkasi akaja mbio na fimbo, akidhani ni nyoka.

GARI LILE NI LA UDONGO!

Udongo! Mafundi arobaini, mwaka mzima, wanafinyanga udongo juu ya kiunzi, wanauchonga kwa visu, wanaupaka rangi. Injini hakuna. Kwenye ukumbi wa maonyesho linasukumwa. Matajiri wa dunia wamesimama na suti zao, wanakipigia makofi chungu!

Nimelala usingizi wa mtoto.

Jumamosi, 3 Agosti

Nimepeleka ushahidi barazani. Nimeusoma kwa sauti, pamoja na tafsiri na maoni yangu. Abdulkadiri hakutikisika. Eti jambo ni wazo, udongo ni njia tu. Bartolomayo, ambaye ni mzee wa kanisa, akasema hata Adamu alianza hivyo hivyo. Nikamwambia Adamu aliwekewa injini.

Waliokuwapo walicheka. Abdulkadiri akaongeza kuwa anauelewa wivu wa mtu mwenye gari lililotangulia Azimio la Arusha. Walicheka zaidi.

Nina mpango.

Kilele cha maonyesho ya wakulima ni Alhamisi, tarehe nane. Mji mzima utakuwapo. Nitaivika Pijo udongo, ifanane na ile picha, pua ya kambale na yote. Nitaandika kibao: GARI LA MWAKA 2020. Watu watalizunguka wakidondosha mate. Abdulkadiri atalishika kwa vidole viwili, kwa adabu. Hapo nitapanda jukwaani, nitasoma hotuba, nitainua nyundo. Pa! Udongo chini, chuma kinang'aa. Hoja imekwisha.

Tarehe tisa naosha. Tarehe kumi Erica anashuka kanisani. Nafasi ipo tele.

Jumapili, 4 Agosti

Baada ya ibada nimempata fundi. Anaitwa Anyesi, mama wa makamo kutoka upande wa Chamwino, mjenzi wa tembe, zile nyumba zetu za udongo zenye paa bapa. Wanasema mapaa yake hayajavuja tangu Operesheni Vijiji. Nimemwonyesha picha. Ameigeuza juu chini, akauliza moto unakokwa wapi.

Nimemweleza kuwa nataka kazi ya siku nne tu, kisha nitaibomoa. Ameniangalia kwa huruma. Amesema yeye hajui kujenga kitu cha kubomoka. Nimecheka. Fundi mwenye majigambo ni fundi mzuri.

Jumanne, 6 Agosti

Kazi inakwenda vizuri ajabu. Kwanza magunia juu ya rangi, isikwaruzike. Kisha fito na waya. Kisha udongo wa kichuguu, samadi ya ng'ombe na majivu, amekanda kwa miguu huku akiimba. Upepo wa Agosti unakausha kabla hajanawa mikono.

Milango minne yote imefunikwa, kwa kuwa kwenye picha haionekani. Nimebakiza upenyo wa kuchungulia mbele, matundu madogo ubavuni, na mlango wa nyuma. Dereva anaingia kwa nyuma, anapanda viti kwa magoti. Kisasa kabisa.

Dorkasi ametoka nje, ametazama, amerudi ndani. Baadaye nimesikia akimwambia Erica kuwa baba yake ameijengea Pijo kaburi. Erica akaja, akauliza kwa upole kama litatoka kabla ya Jumamosi. Nikamhakikishia. Akauliza kama nina hakika kama ile ya duka langu la vitabu lililofilisika. Sikupenda mfano huo.

Hotuba imefika ukurasa wa kumi na moja.

Jumatano, 7 Agosti

Nimelipeleka uwanjani mwenyewe. Mwendo wa punda mgonjwa. Springi zinalia. Njia nzima watoto nyuma yangu wanaimba nyumba inahama, nyumba inahama.

Mlangoni kuna karani mwenye fomu. Anauliza kundi gani. Nikaanza kumweleza historia ya udanganyifu wa wabunifu wa magari. Nilipofika kwenye mafundi arobaini akaniomba nisaini tu, atajaza mwenyewe anavyoona. Nikasaini. Ilikuwa fomu ya karatasi tatu. Nani husoma fomu?

Alhamisi, 8 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umevimba.

Asubuhi ilikuwa ya ushindi. Watu walijaa. Abdulkadiri alikuja na kofia yake ya sherehe. Akalizunguka mara mbili. Akapapasa pua ya kambale. Akauliza nani kalichora. Nikatazama mawinguni. Akasema, kwa sauti ya chini, lakini nilimsikia, Bartolomayo shahidi, akasema, "Zuri." Zuri! Nilikaribia kuinua nyundo palepale. Nikajizuia. Jukwaa kwanza.

Saa sita wakaja majaji. Wanne. Mmoja bwana mifugo, mwenye futi ya kupimia. Akapima matundu ya ubavuni. Akachungulia uvunguni. Akaisifu nafasi kati ya sakafu na ardhi, eti kicheche hafiki. Akatikisa gurudumu, akaandika. Nikadhani ndiyo namna ya kisasa ya kupima magari.

Kipaza sauti kikatangaza. Mshindi wa kwanza, kundi la makazi ya mifugo. Banda Bora la Kuku la Kuhamishika. Ndugu Sostenes!

Karani! Yule karani!

Zawadi: cheti, jogoo mmoja, na kuku majike kumi na wawili wa kisasa. Kabla sijafumbua mdomo bwana mifugo amefungua mlango wa nyuma na kuwamwaga wote ndani, kwa ajili ya picha. Kwenye viti vyangu! Viti vya mwaka sitini na sita!

Wakanipa kipaza sauti nitoe shukrani kwa niaba ya wafugaji. Nikatoa kurasa kumi na moja. Nilipofika mstari wa nne walikizima. Basi nikashuka, nikainua nyundo, nikapiga kwa nguvu zangu zote.

Haikutikisika. Nyundo ilirudi kama imepiga ngoma. Mkono ukafa ganzi hadi bega. Nikapiga tena. Hata ufa! Anyesi alikuwa mstari wa mbele. Akapiga kigelegele kwa ajili ya ukuta wake, kisha akaninyang'anya nyundo akiniuliza, baba, nimekukosea nini?

Abdulkadiri alikaa chini kwa kicheko. Kwenye vumbi. Na kanzu nyeupe.

Si hilo baya. Baya ni hili. Nikataka kuondoka na gari langu. Mgambo wa lango, kijana mnene anayeitwa Joshua, akanizuia na rungu. Kitu kilichoshinda hakitoki uwanjani hadi maonyesho yafungwe. Jumapili, saa kumi na mbili jioni. Ipo kwenye fomu. Karatasi ya tatu.

Harusi ni Jumamosi.

Ijumaa, 9 Agosti

Dorkasi hasemi na mimi. Anasema na sufuria, lakini maneno ni yangu.

Asubuhi Abdulkadiri alikuja nyumbani. Amevaa sura ya msiba. Akasema tuache utani, Erica ni mtoto wake pia, Zephyr imeoshwa, riboni zimefungwa, atamchukua bure. Dorkasi akamshukuru mara mbili. Mimi nikamwambia binti yangu hatapanda gari la mtu aliyeiita Pijo sufuria. Akasema alisema masufuria, wingi, na ya kwake ilikuwemo. Nikamfungulia mlango.

Erica akanifuata uani. Akasema hataki gari zuri. Anataka lile lile. Lakini bwana harusi hawezi kusimama madhabahuni hadi Jumapili. Likiwa hapa saa mbili asubuhi, atapanda. Lisipokuwapo, atakwenda na Baba Mkubwa Abdulkadiri, na mimi nisinune kwenye picha.

Aliniaga kwa kunishika bega. La kulia. Lilikuwa linauma.

Fikiri, Sostenes!

Nimefikiri. Mashine yangu ya chapa imeokoa nusu ya mji huu kwa barua za maombi, iniokoe na mimi. Nimepiga barua rasmi, kumbukumbu namba na yote: kuku wote wa zawadi wapelekwe Chamwino, Jumamosi alfajiri, kwa chanjo ya kideri, WAKIWA NDANI YA BANDA LAO ili wasipate mshtuko. Sahihi haisomeki, kama sahihi zote za serikali.

Bartolomayo nimemwomba awe daktari wa mifugo. Amekataa kusema uongo. Nimemwambia hatasema neno, atavaa tu lile koti jeupe alilofundishia sayansi. Amefikiri sana. Amesema kuvaa koti si dhambi.

Jumamosi, 10 Agosti

Andika yote, Sostenes, kabla watu hawajaanza kuongeza chumvi.

Saa kumi na mbili na nusu tuko langoni. Mgambo Joshua kaisoma barua polepole, kidole chini ya kila neno. Bartolomayo kasimama na koti, hasemi, jasho linamtoka na baridi yote ile. Joshua akamaliza. Akapiga saluti. Kisha akasema tusubiri kidogo. Akaenda nyuma ya kibanda, akarudi na kuku wake wanne wamefungwa miguu. Eti chanjo ya serikali ni ya wananchi wote. Akawaingiza. Kisha akaingia na yeye! Kuku wa maonyesho hawatoki bila ulinzi. Karatasi ya tatu.

Kuku kumi na saba, mgambo mmoja, daktari mmoja wa bandia. Nikaingia kwa nyuma, nikapanda viti kwa magoti juu ya mayai mawili. Pijo ikawaka nilipojaribu mara ya kwanza tu. Ningeweza kulia.

Nyumbani saa mbili na robo. Zephyr iko mlangoni na riboni zake, inang'aa hadi inaudhi. Abdulkadiri kashika mlango wazi. Dorkasi alikuwa ametangulia Chamwino na wapishi, Mungu ana huruma. Erica yuko kizingitini na gauni jeupe na shela.

Akalitazama banda. Jogoo akawika. Mashangazi wakaanza kusema kwa pamoja. Erica akauliza swali moja tu: mlango wa nyuma unafunguka? Nikamwambia ni huo peke yake unaofunguka. Akamkabidhi mgambo maua, akakusanya gauni mikononi, akaingia kwa magoti. Shangazi mmoja akazimia, lakini ni yule anayezimia kila harusi.

Safari ya Chamwino, karibu saa mbili nzima. Malori ya mahindi kutoka Kibaigwa yalitupisha, madereva wakitoa vichwa nje. Zephyr ilitufuata nyuma njia nzima, mwendo wetu, taa zinawaka, kama inasindikiza rais. Sijui kwa nini hakutupita. Sitamuuliza. Nilimsikia Erica nyuma yangu akimweleza mgambo kuwa alizaliwa hapo alipokaa. Mgambo akasogea kidogo, kwa heshima.

Tumefika kanisani saa nne na dakika kumi na moja. Wanawake wa Chamwino walikuwa wamejipanga. Wakaona tembe linakuja juu ya lami. Nyimbo zikakatika.

Bartolomayo akafungua nyuma. Wakatoka kuku kwanza, kumi na saba, kwa fujo. Akatoka mgambo na maua. Kisha kiatu cheupe. Kisha gauni. Kisha Erica akajivuta nje kinyumenyume, manyoya kwenye shela, akasimama, akajikung'uta.

Dorkasi alikuwa mita tatu tu. Mkono mdomoni. Nikajua nimekwisha. Akasema, "Amekuja vilevile. Safari hii kavaa nguo tu."

Akacheka! Alicheka hadi akakaa kwenye ngazi za kanisa na kitenge chake kipya. Anyesi, ambaye sijui nani alimwalika, akapiga kigelegele, na uwanja mzima wa kanisa ukaitikia. Abdulkadiri alikuwa anafuta macho, akidai ni vumbi. Erica akanishika mkono, ule mbovu, tukaingia. Sikusikia maumivu hata kidogo hadi baada ya amina ya mwisho.

Mgambo alikula sahani nne, kisha akawahesabu kuku wake. Tumelirudisha uwanjani saa kumi na moja jioni.

Jumapili, 11 Agosti

Maonyesho yamefungwa. Kamati imenipa cheti cha pili. Mfugaji wa kwanza katika mkoa kupeleka kuku wa zawadi kwenye chanjo kwa hiari. Bartolomayo hataki kukisikia. Wiki hii nitawapeleka wakachanjwe kweli, nisije nikaaibika.

Anyesi amepata oda za mabanda sita, yote ya magurudumu. Mimi sina oda. Pijo iko uani, ndani ya udongo wake. Nimemwomba ushauri jinsi ya kuutoa, amesema tungoje mvua. Zikija? Amesema zikija ndio udongo utakaza vizuri.

Dorkasi anasema na mimi tena. Amenifungia andazi kwenye karatasi. Ulikuwa ukurasa wa saba wa hotuba.

Mchana nilipita kwa Abdulkadiri kumrudishia gazeti, kistaarabu, tukanywa kahawa. Hakutaja sufuria. Mimi sikutaja "Zuri." Nikafikiri, mtu wa miaka hamsini na mbili kama mimi sasa apumzike. Aache magari ya kesho kwa watu wa kesho.

Akanipa toleo jipya.

Ukurasa wa kumi na tisa. Gari la mwaka 2030. La kifahari zaidi. Herufi ndogo, kamusi, nimesoma mara tatu. Bodi yake si chuma. Si udongo. Ni nyuzi zilizosukwa! Zimesukwa, halafu zimepakwa gundi!

KIKAPU! Matajiri wa dunia wamesimama na suti zao, wanakipigia makofi kikapu!

Pijo haifai kwa sasa, imevaa. Lakini Land Rover ya Bartolomayo ina umbo safi la kusukia. Dada yake Anyesi ndiye msukaji bora Chamwino, kazi yake inasemekana haifumuki. Bartolomayo ameahidi kumpokea askofu na Land Rover ile, Jumapili ya tarehe ishirini na tano. Wiki mbili kamili.

Nafasi ipo tele. Kesho asubuhi nanunua ukindu.